Siku ya 91: Kutoka Kituoni Hadi Kujitegemea
(Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wazazi, washauri nasaha na viongozi wa makanisa)

Wazee wetu, kina mama, vijana, na nyinyi washauri mlioondoka Kakamega na Siaya alfajiri, hamjambo. Kuhusu matibabu ya uraibu mmeshasikia mengi. Mimi nitazungumzia siku ya 91.

Vituo vyetu vingi nchini humweka mgonjwa siku 90. Huingia akitetemeka, na siku za mwanzo huwa chini ya uangalizi, maana mnywaji wa miaka mingi akiacha pombe ghafla anaweza kupata degedege, au siku ya pili ya tatu aanze kuona vitu visivyokuwepo. Familia imeuza ng'ombe, imefanya harambee. Siku ya 90 kuna cheti, keki na picha. Siku ya 91 kijana yuko Nyalenda au Obunga, chumba kile kile, na jirani ni yule yule mama anayeuza pombe ya chang'aa.

Kule kituoni hakuchagua kitu. Kengele ilimwamsha, chakula kilipikwa, simu ilifungiwa ofisini, pesa hakuwa nazo. Kujizuia mahali ambapo hakuna cha kukuvuta si kazi ngumu. Ubongo wake nao bado unapona: usingizi mbaya, hasira za ghafla na hamu ya kinywaji vinaweza kuendelea kwa miezi. Kwa waliokuwa wakitumia heroini hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mwili umepoteza mazoea, na kipimo alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua.

Taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya inakadiria kwamba kati ya watu 100 wanaotibiwa uraibu, 40 hadi 60 hurudia, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa presha na pumu wanaolemewa tena na maradhi yao. Mgonjwa wa presha akilemewa hatumwiti mpotevu. Tunauliza kama anameza dawa, na nani anampikia.

Mwaka 1975, katika mji wa Silver Spring, jimbo la Maryland, Marekani, serikali ya eneo ilitaka kufunga nyumba waliyokaa wanaume waliokuwa wakijinasua na pombe. Wakazi, mmoja wao akiitwa Paul Molloy, wakaamua kuilipia kodi wenyewe. Wakaiita Oxford House. Masharti yao yalikuwa machache: nyumba iendeshwe kwa kura, kila mtu alipe sehemu yake, na atakayekunywa au kutumia dawa aondoke mara moja. Hawakuweka mwisho wa kukaa, kwa sababu walikuwa wameona wenzao wakitolewa kwa kalenda na kurudi kwenye chupa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, waliwagawa kwa bahati nasibu watu 150 waliomaliza matibabu, nusu wakaenda nyumba hizo, nusu wakapata huduma za kawaida. Matokeo yalichapishwa 2006. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wakitumia pombe au dawa katika kundi la nyumba walikuwa takriban asilimia 31. Katika kundi lile jingine, karibu 65. Nyumba zile hazikuwa na daktari wala mlinzi.

Sasa tuje Kisumu. Tuseme watu sita wamepanga nyumba Mamboleo kwa shilingi 24,000 kwa mwezi. Sehemu ya kila mmoja ni 4,000. Anayeendesha bodaboda hulipwa abiria mmoja mmoja, na kila abiria ni bei ya glasi. Huyo asisubiri mwisho wa mwezi. Atume 150 kila jioni kwa mweka hazina wa nyumba, zipatikane 4,500, ile 500 iingie kwenye stima na maji. Ninyi mnaotaka mahubiri marefu mnisamehe, lakini nimeona ile 150 ya kila jioni ikifanya kazi ambayo mawaidha yangu hayakuifanya.

Jioni ipangwe pia. Sheria ya vileo ya 2010, ile tuliyoiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Basi nyumba iwe na jambo la saa kumi na moja: zamu ya kupika, mkutano wa AA (kikundi cha wanaosaidiana kuacha pombe), hata kuosha pikipiki. Kipimo cha alkoblo, kile cha kupuliza kinachoonyesha pombe, kiwepo, na apimwe kila mtu, akiwemo mweka hazina.

Kanuni zilizoandikwa ng'ambo hazina ukurasa wa matanga, na hapo ndipo wengi wetu huanguka. Huku mtu hafiwi peke yake, hufiwa na ukoo. Mwili unatoka mochari Ijumaa, usiku ni mkesha, disko na pombe, mazishi Jumamosi. Huwezi kumwambia kijana asimzike baba yake mdogo; ukoo utamkumbusha mpaka azeeke. Ninachowaambia ni hiki: mchango utumwe mapema kwa simu, asiubebe mkononi. Aende Jumamosi asubuhi, si Ijumaa, na mwenzake wa nyumba amsindikize. Shangazi mmoja aambiwe ukweli kabla, ili atakayemletea glasi akutane na shangazi kwanza. Warudi siku hiyo hiyo. Kwa ndugu zetu Wabukusu, Agosti ya mwaka wa shufwa ni tohara, na busaa, pombe ya kienyeji, imo ndani ya mila yenyewe. Huko nyumba ikae kikao Julai, ikubaliane nani anaweza kwenda na nani bado.

Tahadhari moja. Akitokea mwenye nyumba anayepanga vitanda kumi na wawili chumbani, anashika simu za watu na kutoza ada ya kituo, hicho ni kituo bila leseni. Na nyumba inayomkataa mtu kwa sababu anameza dawa alizoandikiwa hospitalini inamrudisha alikotoka.

Mama aliniuliza pale mlangoni, mwanangu atarudi lini nyumbani? Sina tarehe ya kukupa, mama. Tazama kama amelipa sehemu yake miezi kadhaa bila kufuatwa. Tazama kama amezika mtu na kurudi salama. Tazama kama kuna mtu asiye wewe anayempigia simu akizidiwa. Na akitoka, huenda asirudi kwako. Huenda akapanga chumba chake mtaa wa pili kutoka ile nyumba, aendelee kuhudhuria mkutano wao. Usimkasirikie.

Nitachukua maswali, nikianza na waliosimama nyuma.