Msumari, Lipu na Deni la Detroit

DEO: Karibuni tena kibarazani. Mimi ni Deo, na leo dada Zuhura karudi kutoka Marekani. Karudi na mabegi mawili na maneno mengi.

ZUHURA: Maneno tu ndiyo yangu, mabegi yalikuwa ya kutumwa. Nilikwenda mahafali ya mtoto wa dada yangu kule Michigan, nikabakiwa na siku moja. Mtoto akaniambia, mama mdogo, twende Detroit nikakuonyeshe picha zilizonusurika kupigwa mnada.

DEO: Picha kupigwa mnada kama kochi la mpangaji?

ZUHURA: Kama kochi, ndugu yangu. Makumbusho yenyewe yanaitwa Detroit Institute of Arts. Yalianzishwa mwaka 1885 kwa michango ya matajiri, mmoja wao mwenye magazeti, James Scripps. Mwaka 1919 mji ukayachukua, jengo na picha zote. Shikilia hapo hapo, maana huko mbele ndipo kesi ilipozaliwa.

DEO: Nimeshika.

ZUHURA: Basi miaka ya 20 Detroit ina hela za magari, hela hazina pa kukaa. Mwaka 1922 wakanunua picha ya Van Gogh aliyojichora mwenyewe, kavaa kofia ya makuti makavu. Hakuna makumbusho ya umma Marekani yaliyokuwa yamenunua Van Gogh kabla yao. Mwaka 1927 wakahamia jengo jipya la marumaru. Mwaka 1930 mkurugenzi wao, Mjerumani mmoja aitwaye Valentiner, akanunua harusi ya Bruegel.

DEO: Harusi inanunuliwaje?

ZUHURA: Mchoro wa huyo Bruegel, wa karne ya 16, wageni wapatao 125 wamejaa uwanjani wanacheza, bibi harusi yumo humo humo katikati ya watu. Wanaume wamevaa suruali za mtindo wa zamani zenye kile kifuko cha mbele, sijui nikuambieje hewani...

DEO: Usiniambie. Watoto wanasikiliza.

ZUHURA: Na hata wao waliona haya! Kuna zama vile vifuko vilifunikwa kwa rangi, mpaka mafundi wa baadaye wakaja kuifuta. Mimi nilicheka mle ndani mlinzi akanigeukia.

DEO: Na Afrika ipo, au imewekwa chini ya ngazi kama kawaida?

ZUHURA: Ipo, na nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kuna sanamu ya Wakongo, nkisi nkondi, ya mwishoni mwa karne ya 19. Mtu wa mti, urefu wa mita moja na kitu, kapigiwa misumari na vipande vya chuma kifuani mpaka tumboni. Ukiangalia haraka utasema anateswa.

DEO: Mimi ningesema uchawi, nikatoka.

ZUHURA: Ndivyo wageni walivyosema, wakakosea. Mwenye kazi yake ni nganga. Umelisikia neno? Nganga, mganga, ni lile lile. Watu wakigombana, wakapatana, wanakwenda mbele ya sanamu wanaapa, na msumari unapigwa. Atakayevunja kiapo, sanamu itamfuata. Kwa hiyo kila msumari ni makubaliano ya watu. Ni kabati la mafaili lile, Deo, ila lina macho.

DEO: Hiyo ingefaa kwa wanaokopa kwenye vikoba.

ZUHURA: Na kwa Detroit yenyewe. Julai 2013 mji umefilisika, deni kama dola bilioni 18. Wadai wakauliza, mna nini cha kuuza? Wakatazama huku na huku, wakaiona nyumba ya picha, na picha ni mali ya mji. Unakumbuka 1919?

DEO: Ndiyo maana uliniambia nishikilie.

ZUHURA: Wakaletwa wathamini wa Christie's, kampuni ya minada. Wakapitia vitu kama 2,800 vilivyonunuliwa kwa hela za mji, kati ya takriban 65,000. Wakasema vina thamani ya dola milioni 454 mpaka 867. Ile harusi peke yake walisema inaweza kufika milioni 200.

DEO: Sasa ngoja, dada. Dawa ya deni ni kulipa. Mzee wangu alihangaikia kiinua mgongo chake mpaka akawa anawajua makarani wa ile ofisi kwa majina ya watoto wao. Njoo kesho, faili halionekani, njoo Jumanne. Ukiniambia kuna mzee alifagia barabara za Detroit miaka 30, pensheni yake iko hatarini, halafu ukutani kuna harusi ya milioni 200, mimi nauza harusi.

ZUHURA: Unauza mara moja. Mwakani deni likirudi utauza nini?

DEO: Mwakani mzee atakuwa kala.

ZUHURA: Sikubishii kwamba ni swali la kweli, maana kule lilikuwa ndilo swali lenyewe. Mwanasheria mkuu wa jimbo alisema picha ni amana ya watu, haziwezi kuuzwa kulipa madeni ya mji. Wadai wakagoma. Mwishowe wasuluhishi wa mahakama wakayafunga mambo mawili pamoja: atakayetaka kuokoa picha atoe hela, na hela ziende kwenye pensheni. Mashirika ya hisani yakaahidi dola milioni 366, jimbo milioni 350, makumbusho yenyewe yakabebeshwa milioni 100. Jumla milioni 816, kwa miaka 20. Mji ukaachia umiliki, picha zikawa chini ya shirika la makumbusho lenyewe. Kufikia Desemba 2014 mji umetoka mahakamani.

DEO: Na mzee wa ufagio?

ZUHURA: Wastaafu wa kawaida walikatwa asilimia 4.5, na nyongeza ya kila mwaka ya kupanda kwa maisha ikafutwa. Polisi na zimamoto hawakukatwa pensheni yenyewe, nyongeza ndiyo iliyopunguzwa.

DEO: Kwa hiyo alikatwa.

ZUHURA: Alikatwa. Bila zile hela angekatwa zaidi sana, lakini alikatwa, na mimi sitakudanganya kwamba walishangilia wote.

DEO: Hapo nimekuheshimu. Endelea.

ZUHURA: Kuna kitu kimoja pale hata dalali angekuja na nyundo asingekibeba. Ukumbi wa Diego Rivera, yule mchoraji Mmeksiko. Mwaka 1932, ajira zimekufa, na Machi ya mwaka huo wafanyakazi walioandamana kwenye kiwanda cha Ford walipigwa risasi, wengine wakafa. Wiki chache baadaye Rivera anaingia mjini, mkomunisti, na anayelipa ni Edsel Ford, mtoto wa mwenye kiwanda.

DEO: Huyo Edsel naye alikuwa na moyo.

ZUHURA: Michoro 27, kuta nne. Fundi anapiga lipu ya chokaa, na kabla haijakauka Rivera anapaka rangi. Vinakauka pamoja, rangi inakuwa ndiyo ukuta. Ukitaka picha, bomoa nyumba. Upande wa kaskazini wanatengeneza injini ya V8, watu wamepinda migongo wanavuta kwa pamoja kama wanakokota jarife. Upande wa kusini wanaunga bodi. Na gari lenyewe lililokamilika, Deo, ni kadogo, kekundu, kako mbali kule nyuma, usipoambiwa hukaoni.

DEO: Yaani kiwanda kizima, gari halionekani.

ZUHURA: Watu ndio wanaonekana. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja, nikamwamkia, akaniambia alifanya kazi kiwandani miaka mingi. Nikamuuliza anapendelea mchoro upi. Akaninyooshea kidole kwa mtu mmoja ukutani, akakaa kimya kidogo. Nikajua sasa nitapewa la maana.

DEO: Akasema nini?

ZUHURA: Akasema, yule spana kaishika vibaya, atavunjika kidole.