Mwenye Magongo Aulizwe Kuhusu Mashine

Mabibi na mabwana, wanaonijua wanajua nitakachokisema: kwamba vyombo vya habari humwonyesha mwenye ulemavu ili ahurumiwe, si ili asikilizwe. Aliyechoka nacho ana haki yake. Lakini madhali kamera huvuka maji kuja Lamu pale tu mtu anapokabidhiwa kiti cha magurudumu, nitaendelea kukisema.

Yupo fundi wa mashine za boti hapa Lamu ambaye hutembea kwa magongo, na manahodha humgongea mlango usiku wa manane chombo kinapowazimikia. Mwandishi wa televisheni alimkuta amefungua mashine, mikono imejaa grisi. Akamwomba aweke spana chini, anawe mikono, ashike magongo, kisha atembee polepole kuielekea kamera. Akamuuliza aliugua lini, na iwapo huwa analia. Hakumuuliza vipuri hutoka wapi, wala kwa nini ngazi za gati humlazimu asubiri maji yajae ndipo aingie chomboni, ilhali kinachomkatia riziki ni ngazi hizo, si mguu wake. Habari ilipotangazwa ikaitwa ya kutia moyo. Moyo wa nani?

Najua nitaambiwa kwamba huruma ni katika dini yetu. Naam, basi na tuisome tena Sura ya Abasa katika Kurani. Abdullahi bin Ummi Maktum, sahaba kipofu, hakumjia Mtume (s.a.w.) kuomba sadaka. Alikuja kutaka elimu, na aya zikashuka kwa sababu hakusikilizwa. Tena huyo huyo, asiyeona, aliadhini Madina pamoja na Bilali, na Mtume (s.a.w.) akimwachia mji anapokuwa safarini.

Mwingine atasema picha za huruma huleta misaada. Huleta, sikatai: huleta kiti, nacho kikakwama kwenye vipandio vya kichochoro cha kwanza, ambako hakuna kamera.

Mwenyekiti ananitazama, kwa hiyo tamthilia ambamo kipofu ni lazima apone katika sehemu ya mwisho naziacha. Lililobaki ni la sheria. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mwenye ulemavu atajwe kwa namna isiyomdunisha, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliziagiza televisheni ziweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi katika taarifa zote za habari. Wahariri hujitetea kwa gharama. Basi watueleze matangazo ya sabuni yanayoikatiza taarifa hiyo hulipia nini.