Tutengeneze kitabu cha picha cha Noeli, hatua kwa hatua

Jambo sana, mama, baba, yaya, na ninyi walimu wa ekodimu, shule ya Jumapili ya watoto kanisani, mnaotutazama. Leo hapa Bukavu tunatengeneza kwa mikono yetu kitabu cha picha cha Noeli, cha mtoto wa miaka 5 hadi 8. Habari yake ni kutoa. Vitu vyote viko mezani: karatasi 4 nyeupe za A4, penseli, biki nyeusi, kalamu za rangi, sindano nene, uzi mgumu, karatoni ya boksi, na mabaki ya kitenge kutoka kwa mshonaji. Ukienda soko la Nyawera au la Kadutu, vyote hivi utavipata.

Kabla ya kugusa karatasi tupange hadithi. Hapa ninawaomba msiwe na haraka, maana ndipo kitabu kinapofaulu au kinapoharibika. Anayetoa awe mtoto mwenyewe, siyo Papa Noeli, wala tajiri aliyeshuka kwenye gari. Na kile anachokitoa awe anakipenda. Nguo iliyokwisha kumbana akimpa mwenzake, bado hajatoa.

Mfano wangu ni huu, muuchukue mkipenda. Neema ameahidiwa gauni la Noeli, la kitenge, lenye marinda ya safu tatu. Siku chache kabla ya sikukuu nyumba yao inapokea mgeni wa rika lake, Furaha. Familia yake imekimbia vita kijijini, naye amefika na nguo aliyovaa tu. Kitenge ni kimoja. Neema anakishika, anakikunja, anakikunjua, halafu anamwambia mama: marinda yaacheni. Kitambaa cha marinda kinatosha kutoa gauni la pili.

Sasa mwangalieni Furaha. Msimchore akilia kila ukurasa, mkono umenyooshwa. Anajua kuimba, anajua kutania, na wakienda kuteka maji ndiye anayemfundisha Neema wimbo wa kijijini kwao. Kumbukeni kwamba mtoto aliyekimbia vita naye atakisikiliza kitabu hiki, pengine amekaa mbele kabisa. Ajione ni mtu kamili. Na mwishoni, tafadhali, msimletee Neema gauni lingine kubwa zaidi kutoka kwa shangazi. Mtoto akizoea kuona kila anayetoa analipwa mara mbili, tutakuwa tumemfundisha biashara.

Walimu wa ekodimu, hadithi hii inakwenda vizuri na Luka 2:7, pale Maria anapomlaza mtoto horini kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Watoto wanaolala wanne kwenye mkeka mmoja ili mgeni apate mahali wanauelewa mstari huo haraka kuliko sisi.

Haya, karatasi. Zipangeni zote nne pamoja, zikunjeni katikati, pitisheni ukucha juu ya mkunjo. Mmepata kurasa 16. Andikeni namba kwa penseli, ndogo, kwenye kona. Fungueni katikati kabisa, ukurasa wa 8 na wa 9. Mnaona? Ndizo kurasa pekee ndani ya kitabu zinazoangaliana zikiwa upande mmoja wa karatasi ile ile, kwa hiyo picha kubwa inakaa hapo bila kukatika. Mimi nimechora kitenge kimetandazwa juu ya meza ya mshonaji, makasi yamefunguka, Neema ameshika ncha moja na Furaha nyingine. Sikuandika neno. Mtoto akifika hapo, mpeni nafasi aseme mwenyewe kinachofuata.

Kurasa nyingine ziwe na sentensi moja, au mbili fupi. Kama picha inaonyesha mvua, msiandike kwamba mvua inanyesha.

Na mvua iwepo! Noeli yetu inaangukia majira ya mvua. Theluji waachieni wenye theluji. Choreni mabati yanayong'aa maji, matope kwenye ngazi za mlimani, na usiku ziwa Kivu: mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zinawaka, wavuvi wanatafuta sambaza, wale samaki wadogo. Mistari yote mpitishe kwa biki nyeusi, rangi msitie kwanza. Sababu ni kwamba kabla ya kushona tunapeleka karatasi kwenye fotokopi, pande zote mbili, ili kila mtoto apate kitabu chake na akipake rangi mwenyewe.

Kushona ni rahisi. Toboeni matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, moja juu, moja chini. Sindano iingie tundu la katikati kutoka ndani, itokee nje. Irudi ndani kwa tundu la juu. Ndani iruke la katikati, itoke nje kwa tundu la chini. Halafu irudi ndani kwa katikati. Ncha mbili za uzi zikae huku na huku ya ule uzi mrefu, zifungeni juu yake, vuteni. Msivute kwa nguvu, karatasi itachanika.

Gundi tunapika. Kijiko cha unga wa muhogo, koroga kwanza na maji baridi, kisha weka juu ya moto wa makala ukiendelea kukoroga mpaka iwe nzito na ing'ae. Ikipoa, pakeni kwenye karatoni, bandikeni kitenge, kisha gundisheni ukurasa wa 1 na wa 16 ndani ya jalada. Kwa hiyo hadithi ianzie ukurasa wa 2. Laza kitabu usiku kucha chini ya kitu kizito.

Ukurasa wa 15 nimeuacha mtupu makusudi. Mtoto achore pale kitu chake ambacho angekubali kugawana na mwenzake. Msimchagulie.