Kabla hujachapisha bango la Nanenane, toka nalo juani kwanza

Shikamooni wakubwa zangu, vijana mambo vipi. Naona kina mama wa korosho mmejaa, wa ufuta pia, karibuni sana Mtwara mjini, nitaongea kifupi maana najua wengine mnarudi Masasi leoleo.

Wateja wakija kwangu kuchapisha mabango na karatasi zao, wengi wanasema "nataka inayong'aa", basi. Mimi nauliza, itakaa wapi? Maana kule viwanja vya Nanenane vya Ngongo, Lindi, mwezi wa 8 jua linapita upande wa kaskazini, hivo banda likitazama kaskazini bango lako linapigwa jua karibu siku nzima, na kama ni la kung'aa mtu akipita anaona mwanga tu, jina la biashara halioni. Mimi yalinikuta, nilikaa siku mbili nashangaa watu wanasoma bango la jirani wangu wanapita, yeye alichapisha isiyong'aa. Ya kung'aa iacheni kwa vitu vya ndani, vya mkononi, pale inapendeza kweli.

Banda likitazama kusini nako kuna upepo wa kusi, na huu hauna huruma jamani. Fleksi, ile plastiki ya mabango, ya gramu 340 kwa mita ya mraba, bango la mita 3 kwa 2, ni kama kilo 2 tu, linapigapiga mpaka pete za kupitishia kamba zinang'oka. Watu wanachana vile vitundu vya nusu mwezi eti upepo upite, mi sishauri, ndo panapoanzia kupasuka. Ombeni fleksi yenye matundumatundu kama wavu, au ile nzito ya gramu 510, pindo lichomwe kwa moto lishikane vizuri na pete ziwe karibukaribu hasa kwenye kona. Rolapu, lile bango la kusimama linalovutwa toka kwenye kitako chake, lisimame ndani ya banda, nje litaanguka tu.

Sasa vipeperushi, na hapa ndo napenda tukae kidogo. Mgeni anafika, mnamuonjesha korosho ya kukaanga, ana mafuta vidoleni, halafu mnampa karatasi ya kawaida ya gramu 80! Mafuta yanaingia, maandishi ya upande wa pili yanaonekana, anaikunja anatupa. Chukueni ati pepa, ile karatasi laini iliyopakwa juu, ya gramu 150, saizi ya nusu A4, inatosha kabisa. Kadi ya biashara gramu 300 yenye laminesheni isiyong'aa, yaani ngozi nyembamba ya plastiki juu yake, akiifuta kwa kitambaa inarudi safi na bado utaandika namba juu yake kwa maka peni ya wino usiofutika. Ila laminesheni iwe pande zote mbili, kwa unyevu huu wa bahari ukiweka upande mmoja, ule mwingine unanyonya maji hewani unavimba, karatasi inajikunja kama jani la mgomba.

Rangi nazo, kwenye simu zinawaka kwa mwanga, kwenye karatasi ni wino, haziwezi kufanana. Ile rangi ya kijani kibichi inayowaka kwenye simu itatoka imepoa, sio kosa la mchapaji. Muombeni awatolee kipande kidogo kabla hajachapa zote.

Haya, sampo zipo pale mezani, kila mtu achukue mbili, yenye kung'aa na isiyong'aa, tutoke nazo hapo nje mlangoni sasa hivi jua bado kali, simameni hatua 10 toka kwa mwenzako, msome.