Kazi ya Pembeni Inataka Saa Zipi?

Ndugu wafanyakazi wenzangu, wapo hapa waliokulia wakati kazi ya pembeni ikiwa mwiko. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, hata kuwa na nyumba ya kupangisha. Wenzetu Kenya walishika njia nyingine: Tume ya Ndegwa, mwaka 1971, iliridhia mtumishi wa serikali afanye biashara yake. Kwetu Tanzania masharti yalilegezwa kwa Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Leo ukipita mitaani utakuta mwalimu ana kibanda cha miamala, karani ana bodaboda aliyompa kijana kwa hesabu ya siku. Mshahara unakata katikati ya mwezi. Simlaumu mtu.

Ninachowaomba ni kimoja. Kabla hujauliza kazi hiyo inalipa kiasi gani, uliza inataka saa zipi.

Chukueni kuku wa nyama. Tunaambiana wiki tano, sita, unauza. Ni kweli. Lakini kifaranga wa siku ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Jiko la mkaa likizima saa tisa usiku, vifaranga wanarundikana kutafuta joto, wa chini wanakosa hewa, na asubuhi unaokota mizoga. Siku ya 7 kuna chanjo ya kideri, siku ya 14 gumboro, magonjwa yanayoua kuku. Chanjo ya maji haikusubiri utoke ofisini: unawanyima maji kwanza, halafu unawapa iliyochanganywa, waimalize mapema kabla haijaharibika. Hapo ndipo mtu mzima anaanza kumzushia msiba shangazi yake ili apate ruhusa. Inaniuma, kwa sababu wengi wanaofika huko ni watu waaminifu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Ndani ya hizo 12 kuna daladala, watoto, chakula, usingizi. Tunachokula kwanza ni usingizi.

Kwa hiyo kama mradi unadai mchana, weka mtu. Mlipe vizuri, tena kwa tarehe, na mshahara wake uingie kwenye hesabu tangu siku unapopanga mtaji. Ukiutoa mshahara huo, na faida ikatoweka, basi mradi huo bado haujakufaa. Tafuta wa jioni au wa Jumamosi. Na mikataba yenu ya kazi isomeni upya leo, hasa ninyi wa manunuzi: kumuuzia mwajiri wako bidhaa zako mwenyewe ni mgongano wa maslahi, hata bei ikiwa nzuri.