Kabureta mbili, pumzi moja: mhadhara kwa wanafunzi wa ufundi magari

Walimu wangu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, hamjambo? Asanteni. Mwalimu mkuu amenitengea meza na kipaza sauti, lakini ataniwia radhi, nitasimama hapa karibu na injini. Mikono yangu ikiwa mbali na chuma, ulimi nao unakuwa mzito.

Hii mnayoiona juu ya stendi ni Ford V8, ile Wamarekani wanayoiita kichwa bapa. Valvu zake haziko juu kwenye hedi kama mlivyozoea. Ziko ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku, na hedi ni kifuniko tu. Ilianza kuuzwa mwaka 1932 ikiwa na lita 3.6 na nguvu za farasi 65. Hii yetu ni ya baadaye, lita 3.9. Wala msidhani ni mgeni huku kwetu: magari ya deraya ya Afrika Kusini yaliyopigana na Waitaliano kule Habeshi mwaka 1941 yalikuwa na V8 ya Ford.

Sasa, vijana wa kusini mwa California miaka ile ya 1930 walikuwa wananunua Ford kuukuu kwa bei ya chee. Wanang'oa madigadi, wanang'oa paa, bampa, kila kilicho kizito na hakina kazi, halafu wanaliendesha mpaka kwenye maziwa makavu ya jangwa la Mojave, Muroc na El Mirage, kupima kasi. Mwaka 1937 wakaunda chama cha kusimamia mashindano hayo, SCTA. Gari la namna hiyo ndilo hotirodi.

Kijana akishamaliza kung'oa, anafungua boneti. Na kitu cha kwanza anachokiona, katikati kabisa, ni kabureta moja. Anajiuliza: silinda nane zote hizi zinapumulia pua moja? Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Vic Edelbrock, fundi wa Los Angeles, alitengeneza kabla ya Vita vya Pili vya Dunia manifoldi, yaani mabomba ya kugawia silinda hewa na petroli, ya kubeba kabureta mbili za aina ya Stromberg 97, ikaitwa Slingshot, yaani manati. Na wengine wakafuata.

Hii hapa mkononi ndiyo 97. Ipitisheni, ila msiiangushe, ni ya mwenyewe. Ina makoo mawili. Jina 97 limetokana na sehemu nyembamba ya koo, ambayo upana wake ni inchi 0.97. Hapo penye wembamba ndipo siri ilipo. Hewa ikipita penye wembamba inaongeza kasi, ikiongeza kasi shinikizo lake linashuka, na petroli iliyoko kwenye bakuli inasukumwa kupitia jeti, kile kitundu kinachoipima, kwenda kuifuata. Kabureta haimwagi mafuta kwenye injini. Hewa ndiyo inayokuja kuyachukua. Mkilishika hilo, mengine yote nitakayosema leo mtayaona yanajileta yenyewe.

Naomba chaki. Injini ya lita 3.9 inavuta ujazo wake mzima kila mizunguko miwili. Tuipige resi mpaka mizunguko 4,500 kwa dakika. Nusu yake ni 2,250. Mara 3.9, tunapata kama lita 8,800 za hewa kwa dakika. Lakini kichwa bapa haijazi silinda zake sawasawa, njia zake zina kona nyingi, basi tuipe asilimia 80: lita 7,000 hivi. Stromberg 97 moja inapitisha takriban lita 4,300. Moja haitoshi, kijana wa California alikuwa sahihi. Mbili zinapitisha 8,600. Zinatosha na chenji inabaki. Haya, kabureta ya tatu tunamwekea nani?

Mnacheka, lakini mimi mwenyewe nimezifunga tatu, na mwenye gari alilia kwa furaha. Tatu zilizopangwa mstari, zimeng'arishwa, ni kitu cha kutazama, sitawadanganya. Ila nilimwambia mapema: unanunua uzuri, farasi hawaongezeki.

Naam, kaka, uliza. … Swali zuri. Anasema Chevrolet Corvette ya mwaka 1953 ilitoka kiwandani na kabureta tatu, na ile ni silinda sita tu, lita 3.9 kama hii. Kweli kabisa. Lakini zile Carter zilikuwa na koo moja moja. Makoo matatu. Hizi zetu mbili tayari ni makoo manne. Usihesabu kabureta, hesabu makoo na upana wake. Datsun 240Z nayo, ambayo wazee humu wanaikumbuka ikishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ilikuwa inauzwa na kabureta mbili ubavuni, na injini yake ni lita 2.4.

Turudi. Ukifunga mbili penye moja, hewa ileile inagawanyika. Injini ikiwa polepole, kila koo linapitisha nusu ya iliyokuwa inapita, upepo unakuwa mlegevu, na petroli haina wa kuiita. Ndiyo maana gari la namna hii ukilikanyaga ghafla kutoka chini linasita, linakohoa, halafu ndipo linaondoka. Fundi asiyejua anakimbilia kuongeza jeti. Sasa linatoa moshi mweusi na bado linasita! Jeti ya kawaida ya 97 ina tundu la inchi 0.045. Ukifunga mbili, anza na hiyohiyo au iliyo ndogo kwa hatua moja au mbili, endesha gari, kisha fungua plagi usome. Rangi ya chai ya maziwa, acha hapo. Masizi, punguza. Nyeupe kama mfupa, ongeza haraka, maana kichwa bapa ina tabia ya kuchemsha. Njia zake za ekzosti zinapita ndani ya bloku katikati ya maji, na joto la ziada haihitaji.

Kabla ya kufunga chochote, chukua kabureta zako, funga vipepeo, yaani visahani vinavyofungua na kuziba makoo, inua juu mbele ya taa. Hivi. Ukiona mwanga unapenya kuzunguka kipepeo, hiyo haitatulia kamwe. Kisha shika shafti yake uitikise. Ikicheza, tundu limelika, hewa inaingia bila ruhusa, na hakuna skrubu duniani itakayoirekebisha. Itiwe bushi kwanza, kile kipete cha kuziba nafasi iliyolika. Sehemu za juu za 97 ni za zinki, zinapinda wakizikaza watu wenye nguvu kuliko akili, kwa hiyo weka rula juu ya ukingo uone kama inakaa. Kazi hii inachosha. Mtu amenunua manifoldi inayong'aa, anataka isikike leo jioni, wewe unamwambia mambo ya bushi. Mwambie tu.

Boya, lile linaloelea kwenye bakuli na kuzuia petroli isizidi, nalo lipimwe kwa rula: petroli ikae milimita 12 chini ya ukingo wa bakuli, na kabureta zote mbili ziwe sawa. Na shinikizo la pampu lisizidi psi 2.5 hivi, yaani pauni 2.5 kwa kila inchi ya mraba. Hapa nina kovu. Injini ya kwanza ya aina hii niliyoifunga, nilitumia pampu ya umeme iliyokuwa kwenye sanduku lake, haina regyuleta ya kupunguza shinikizo, nikasema pampu ni pampu. Iliwaka vizuri. Baada ya dakika ishirini mzee mmoja wa gereji akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akanipa na mimi nikinuse bila kusema neno. Petroli tupu. Pampu ilikuwa inashinda maboya, petroli inafurika makooni, inateremka kwenye silinda mpaka chini kwenye oili. Tulimwaga oili yote, na beringi zikaponea chupuchupu. Lingine: jenereta ya injini hii inakaa mbele ya manifoldi, kwa hiyo kabla hujanunua manifoldi ya kabureta mbili, hakikisha ya mbele haitagongana nayo.

Haya, sasa kusikilizanisha, yaani kuzifanya kabureta mbili zivute sawa. Hii ndiyo kazi yenyewe.

Kwanza chomoa fimbo inayounganisha kabureta mbili. Kila moja ijitegemee. Washa injini ipate moto kamili, usifanye hivi ikiwa baridi. Skrubu za mchanganyiko ni nne, mbili kila kabureta. Zifunge polepole mpaka ziguse, usizikaze, kisha zirudishe mzunguko mmoja na nusu. Halafu chukua kifaa ghali kuliko vyote kwenye gereji yangu. Kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa koo, na ushike mahali palepale kila mara. Utasikia *shhhh*. Nenda kwenye kabureta ya pili. Ikiwa shhh yake ni nyembamba, hiyo inavuta kidogo, mwenzake anabeba mzigo. Zungusha skrubu ya mwendo, ile inayoshikilia kipepeo kikae wazi kidogo, robo ya robo, rudi, sikiliza, nenda, rudi. Kuna vipimo vya kununua vyenye mrija wa kioo na kijipira kinachopanda, na ni vizuri, vinaonyesha tofauti ambayo sikio lililochoka halisikii. Lakini anza na mpira, ili ukija kushika kipimo ujue kinapima nini.

Zikilingana, rudi kwenye zile nne. Funga moja mpaka injini ilegee, fungua mpaka itulie, acha. Inayofuata. Ukikuta moja unaizungusha na injini haijali, njia yake imeziba, fungua usafishe.

Ndipo urudishe fimbo. Na hapa ndipo wengi wanaharibu kazi ya saa nzima: fimbo ni fupi kidogo, wanaivuta iingie. Wameshafungua kipepeo cha nyuma! Rekebisha urefu wa fimbo mpaka iingie yenyewe kama ufunguo, hakuna upande unaosogea. Kisha kanyaga kidogo, mizunguko 1,500 hivi, usikilize tena, maana zinaweza kulingana zikiwa zimefungwa na zikaachana zikifunguka. Spiringi za kurudisha ziwe mbili. Moja ikikatika nawe uko kwenye mteremko, utanikumbuka.

Kwa wenye tatu, ni hivi tu: ya katikati ifunguke kwanza, za pembeni zifuate mguu ukizidi, na zile za pembeni vipepeo vyake vifunge kabisa. Tutaongea pembeni, muda umeniishia.

Nimefunga hizi mbili jana usiku na kabureta ya nyuma nimeiharibu kwa makusudi. Fungueni madirisha yale, na mwenye kizima moto asogee hapa. Wewe binti wa ovaroli ya bluu, njoo uchukue mpira. Usiniambie ni ipi. Sikiliza kwanza zote mbili, halafu chukua bisibisi.