Besi Yako Haisikiki: Pa Kutafuta Kabla ya Kununua

Habari za jioni, ndugu zangu. Nashukuru kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie vifaa vya gitaa la besi na namna ya kupata sauti nzuri. Naomba ruhusa niipinde mada kidogo, kwa sababu sisi tunaopiga kwa kujifurahisha tuna swali moja tulipendalo: "Ninunue nini?" Mtu kachoshwa na sauti yake, anataka pikapu mpya (ile sumaku yenye koili inayonasa mtetemo wa nyuzi), pedali, au amplifaya kubwa kuliko aliyonayo. Mimi huwa namrudishia swali: imeharibikia wapi? Kati ya kidole chako na sikio la msikilizaji kuna msururu mzima: kidole, uzi, shingo, pikapu, nobu, betri kama ipo, kebo, amplifaya, spika, halafu chumba. Sauti mbovu ina mahali ilipoharibikia kwenye msururu huo. Na tunavyovinunua kwa hamu viko katikati, wakati kero nyingi ziko kwenye ncha mbili: kidole na uzi upande huu, chumba upande ule.

Nianze na chumba, maana ndicho mwongo mkubwa kuliko wote.

Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukipigwa wazi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8. Vyumba vingi tunavyofanyia mazoezi havifiki urefu huo. Wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na wenzake. Mahali fulani yanaongezana, mahali pengine yanafutana. Ndiyo maana umesimama hapa, noti moja inavuma mpaka madirisha yanatikisika, na ukisogea hatua mbili haipo. Besi ni ile ile, noti ni ile ile. Halafu ukiiweka amplifaya kwenye kona, kuta mbili na sakafu zinaiongezea uzito ambao wewe hukuuomba. Kwa hiyo kabla hujagusa nobu yoyote, tembea. Piga noti ndefu, mwenzako azunguke chumbani, asikie. Toa amplifaya kwenye kona. Ipandishe juu ya kiti imara au iinamishe nyuma ielekee masikioni, kwa sababu wengi wetu tunayapigia magoti muziki halafu tunalalamika kwamba hatujisikii.

Liko jambo la pili la chumba, na hili limewapotosha watu wengi zaidi. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sikio letu halisikii sauti za chini, za kati na za juu kwa usawa: sauti ikiwa ndogo, zile za chini kabisa zinatupotea kwanza. Sasa fikiria mpigaji yuko chumbani kwake usiku, amepunguza sauti asiwaudhi majirani. Besi anaisikia nyembamba. Anafanya nini? Anaongeza nobu ya besi, anaongeza trebo, yaani sauti za juu, na zile za kati anazipunguza. Inakuja sauti tamu, nene, inayong'aa. Anaridhika. Siku ya mazoezi anaingia na mpangilio ule ule, na besi inamezwa. Kule chini ngoma ya mguu imeshakaa. Kule juu kuna matoazi na magitaa. Pale katikati, ambapo sikio lingemkamata, ameshapafuta kwa mkono wake mwenyewe. Anaongeza sauti, wenzake wanaanza kulalamika kwamba kuna mngurumo tu, hakuna noti. Anaondoka pale akiamini amplifaya yake ni dhaifu.

Sikilizeni kidogo. [Anapiga.] Hii ndiyo sauti ya chumbani. Nzuri, siyo? Sasa narudisha za kati, hapa kwenye hertsi (mitetemo kwa sekunde) 500 mpaka 1000 hivi, na chini kabisa napunguza kidogo. [Anapiga.] Imekuwa kama inabweka. Mkinisikia peke yangu mtasema ya kwanza ilikuwa bora, na mimi nakubali. Lakini ikiingia ngoma, ni hii ya pili mtakayoifuata kwa kidole noti kwa noti. Bado ikisikika kama imefungiwa kwenye boksi, tafuta kati ya hertsi 200 na 400, punguza hapo kwa uangalifu. Jambo la kukumbuka ni kwamba ile 41 yenyewe, spika ndogo nyingi haziitoi ipasavyo. Zinatoa 82, 123 na kuendelea, na ubongo unajijazia noti ya chini kutokana na hizo. Kwa hiyo mtu anaposema "nataka besi nzito", mara nyingi anachohitaji ni kusikika vizuri kwa zile zilizo juu ya noti yenyewe.

Na kwa kuwa tumegusa amplifaya, wati. Nitapita haraka. Ukizidisha wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu za nyongeza, na desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti. Kutoka wati 300 kwenda 500 ni desibeli 2 na kidogo. Utaisikia, lakini haitakuokoa. Kuongeza kasha la pili la spika mara nyingi kunasaidia zaidi, ila angalieni omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: makasha mawili ya omu 8 yakiunganishwa kwa kawaida yanakuwa omu 4, na kama amplifaya yako haikuruhusiwa kushuka mpaka hapo, utaichoma. Mwenye amplifaya ya taa zile za zamani asiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa. Na kebo ya gitaa si kebo ya spika, hata kama jeki zinafanana. Ya gitaa ina waya mwembamba uliofunikwa kinga ya kuzuia kelele. Ya spika ina nyaya nene mbili bila kinga. Ukizibadilisha, upande mmoja utapata mvumo, upande mwingine utapata joto.

Sasa ncha ya huku. Mtengenezaji wa magitaa Mmarekani aitwaye Leo Fender alitoa gitaa la besi la Precision Bass mwaka 1951, na mpaka leo besi nyingi mikononi mwetu ni wajukuu wake. Chukueni watu wawili waliopiga gitaa la aina hiyo kwenye studio za Marekani katika miaka ya 1960. James Jamerson wa kampuni ya rekodi ya Motown alitumia kidole kimoja cha shahada, nyuzi laini zisizo na mikunjo ambazo karibu hakuwa anazibadilisha, na sponji chini ya kifuniko cha daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa, ili noti isivute. Carol Kaye alitumia kipigio na kipande cha kitambaa kizito juu ya nyuzi. Gitaa la aina moja, na sauti mbili ambazo huwezi kuzichanganya. Hakuna hata mmoja aliyehitaji pikapu ya ajabu.

Kwa hiyo nikiulizwa ninunue nini, jibu langu la kwanza ni nyuzi. Zenye mikunjo ya mviringo zinang'aa na kukwaruza kidogo chini ya vidole. Laini zinadunda na kunyamaza. Kabla hata ya nyuzi, sogeza mkono. Karibu na shingo sauti ni ya duara. Karibu na daraja inakaza na kuuma. Na acha kupiga kwa hasira: piga kwa wepesi, amplifaya iongeze. Ukipiga kwa nguvu uzi unagonga freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, mwanzo wa noti unakuwa kelele na mwili wa noti unafifia.

Hapo tunaingia kwenye kuparaza, yaani uzi kukwaruza freti, malalamiko namba moja. Swali la kwanza: mparazo huo unasikika kwenye amplifaya, au ni kwa sikio lako tu ukiwa umeinamia gitaa? Kama kwenye amplifaya haupo, uacheni. Kama upo, tazama uko wapi. Ukiwa kwenye freti za mwanzo, ya 1 mpaka ya 5, shaka shingo imenyooka mno. Ukiwa juu zaidi ya freti ya 12, mara nyingi nyuzi zimeshushwa sana kwenye daraja. Ukiwa kwenye noti moja tu, kuna freti iliyoinuka mbele yake. Na ukiparaza uzi ulio wazi pekee, basi kile kimfupa cha mwanzo wa shingo kimechimbika.

Shingo inapimwa hivi, nitaonyesha. Kwanza tyuni gitaa, maana shingo hupinda kwa mvuto wa nyuzi. Ukiipima nyuzi zikiwa zimelegea unapima kitu kingine. Weka kapo, kile kibanio cha nyuzi, freti ya 1. Kwa mkono wa kulia bana uzi wa E pale shingo inapoungana na mwili. Uzi sasa ni rula iliyonyooka. Tazameni hapa freti ya 7 au ya 8: kuna upenyo kati ya uzi na freti. Uwe kama milimita 0.3 au 0.4, yaani kadi ya jina ya karatasi ipite kwa kuguswa tu. Mimi hapa sina upenyo kabisa, uzi umelala juu ya freti. Nachukua alenki inayotosha sawasawa, nalegeza nondo ya ndani ya shingo robo mzunguko, basi. Natyuni tena, napima tena, na kesho naangalia kwa mara nyingine kwa sababu mbao hazina haraka. Nondo ikikataa kuzunguka, usilazimishe. Hapo mpelekee fundi, na si aibu.

Shingo ikikaa sawa ndipo urefu wa nyuzi kwenye daraja, na mwisho kabisa ulinganifu: noti ya kubana freti ya 12 ilingane na hamoniki ya hapo hapo, yaani sauti ya kuugusa uzi tu bila kuubana. Ya kubana ikiwa juu, sogeza kitako cha uzi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Kuna wanaoanzia huku halafu wanazunguka wiki nzima. Na uzi mzee hautalingana hata umbembeleze. Vilevile pikapu ikiinuliwa mno, sumaku inauvuta uzi na noti inayumba. Shusha pikapu kwanza.

Mvumo. Umeme wa ukutani hutetemeka mara 50 kwa sekunde katika nchi nyingi, 60 katika nyingine, na pikapu ya koili moja inaudaka kama antena. Kwenye Jazz Bass, besi nyingine ya Fender iliyotoka mwaka 1960, pikapu mbili zimesukwa kinyume: fungua nobu zote mbili kikamilifu mvumo unakufa, punguza moja unarudi. Huo si ubovu. Ubovu unautafuta kwa kidole. Ukishika nyuzi mvumo ukapungua, waya wa athi unaokwenda darajani uko salama, kinachopungua ni kinga ndani ya tundu la pikapu. Ukishika nyuzi hakuna kitu, lakini ukigusa chuma cha jeki unapungua, waya huo umekatika. Kulehemu kidogo tu. Ukisikia msisimko wa umeme hata mdogo vidoleni, zima, chomoa, usiendelee. Na mtu asiwashauri kukata mguu wa athi kwenye plagi ili mvumo uishe. Mguu huo ndio unaokulinda usife.

Sauti ikikatika-katika, anza na kebo. Badilisha hiyo moja, usiguse kingine. Nobu ikikwaruza ukiizungusha, ni vumbi, dawa ya kusafishia viunganishi inatosha. Soketi ikilegea, usikaze nati kwa nje tu, kwani soketi itazunguka ndani na kunyofoa waya. Fungua, ishike kwa ndani, ndipo ukaze. Na wenye besi za betri: ukichomeka kebo umeiwasha. Ukilala nayo imechomekwa, ile betri ya volti 9 inaendelea kuliwa usiku kucha. Dalili za betri kuisha ni sauti kupasuka ukipiga kwa nguvu, na watu wamekwisha kubadilisha amplifaya kwa sababu hiyo.

La mwisho, kwa sababu mtaliuliza. Kwenye uzi wa G, kati ya freti ya 5 na ya 7, besi nyingi zenye shingo ndefu ya kufungwa kwa skrubu zina noti inayokufa upesi. Shingo yenyewe inatetemeka na noti ile na kuinyonya. Kubana uzito kwenye kichwa cha gitaa kunaihamisha noti mfu kidogo, hakuiondoi, na pikapu mpya haifanyi lolote. C ya freti ya 5 iko pia kwenye uzi wa D, freti ya 10. Ipigeni huko.